Mshale wa Spidi Umekufa: Shilingi 15,000 za Kupima, 160,000 za Kubahatisha

Gari la zamani linalobeba abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa linaweza kutembea miezi mingi mshale wa spidi ukiwa umelala kwenye sifuri. Injini haizimi na breki zinashika, kwa hiyo matengenezo yanasubiri fedha za korosho zitoke kwenye minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Fedha zikishatoka, jibu linalokuja haraka ni kubadilisha dashibodi yote. Hapa tunaliweka jibu hilo kwenye hesabu: ni lazima dashibodi ziwe chanzo cha ubovu kwa kiwango gani ndipo kuanza nazo kulipe?

Kwanza tujue kinachopimwa. Spidomita ya zamani huendeshwa na kebo, yaani waya uliosokotwa unaozunguka ndani ya ganda lake, kutoka kwenye gia boksi hadi nyuma ya dashibodi. Kule kwenye gia boksi kebo huzungushwa na kigia kidogo, mara nyingi cha plastiki. Kule kwenye dashibodi huzungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, inakivuta tu, na springi nyembamba inakizuia. Mahali nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya mtambo huo mwaka 1902, na kanuni yake ndiyo iliyobaki katika magari ya kebo hadi mwisho.

Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda vya Japani, kebo huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Kipande cha barabara cha Nanganga hadi Ruangwa, takriban kilomita 53, ni mizunguko 33,761. Gari linalotembea kilomita 200 kwa siku huizungusha kebo mara 127,400 kila siku. Mtu anaweza kuichukua namba hiyo kama ushahidi kwamba kebo ndiyo itakayokatika kwanza. Haitoshi, kwa sababu kigia na sumaku navyo vimezunguka pamoja na kebo, mzunguko kwa mzunguko. Uchakavu peke yake haumtaji mhusika, na ndiyo maana lazima kupima.

Vipimo vya mwanzo havina gharama. Tazama kihesabu cha kilomita kilicho ndani ya spidomita. Kikisogea huku mshale umelala, kebo na kigia ni vizima, na ubovu uko kwenye kichwa cha spidomita, yaani chombo chenyewe kilicho ndani ya dashibodi. Vyote viwili vikifa pamoja, shuku kebo au kigia kabla ya kichwa. Mshale ukitikisika na sauti ya mkwaruzo ikisikika nyuma ya usukani, kebo imekauka grisi au imekunjwa vibaya. Baada ya hapo fundi huchomoa kebo nyuma ya dashibodi, gari linasukumwa taratibu likiwa nyutro, na macho yanakuwa kwenye ncha ya waya. Ikizunguka, kichwa ndicho kibovu. Isipozunguka, anachomoa upande wa gia boksi na kuangalia kigia. Kichwa chenyewe kinaweza kuzungushwa kwa drili ya mwendo mdogo, kwa kufuata upande ambao kebo huzunguka: kwenye mizunguko 637 kwa dakika mshale unapaswa kusoma kilomita 60 kwa saa.

Sasa fedha. Bei ninazotumia ni za mfano, si za duka lolote, na msomaji aweke zile anazotajiwa. Tuseme dashibodi iliyotumika ni shilingi 150,000, kebo 30,000 na kigia 20,000. Ufundi wa kubadilisha kila kimoja ni 10,000, na upimaji wa ncha zote mbili za kebo ni 15,000. Kwa hiyo kubadilisha dashibodi kunafika 160,000, kebo 40,000 na kigia 30,000.

Anayebahatisha kwa kuanza na dashibodi, kisha kebo, kisha kigia, atalipa 160,000 kama dashibodi ndiyo mbovu, 200,000 kama ni kebo, na 230,000 kama ni kigia. Tukichukua kwamba kila kifaa kina nafasi sawa ya kuwa chanzo, wastani wake ni shilingi 196,667. Anayepima kwanza atalipa 175,000, 55,000 au 45,000, na wastani ni 91,667. Tofauti ni 105,000 kwa gari moja.

Dhana ya nafasi sawa ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka hapa. Pengine dashibodi hufa mara nyingi zaidi. Tuipe asilimia 80, na vingine asilimia 10 kila kimoja: anayebahatisha analipa wastani wa 171,000, anayepima 150,000. Bado kupima kunashinda kwa 21,000. Ili njia hizi mbili zilingane, dashibodi lazima iwe chanzo katika asilimia 91.7 ya magari, yaani magari 11 kati ya kila 12. Anayekushauri uanze na dashibodi anadai kiwango hicho au zaidi, hata kama hakitamki, na una haki ya kumuuliza amekipata wapi.

Kuna mbahatishaji mwenye nafuu: yule anayeanza na kifaa cha bei ndogo. Kigia, kebo, kisha dashibodi humgharimu 30,000, 70,000 au 230,000, wastani 110,000. Anamkaribia anayepima, na pengo la 18,333 linaweza kufutika upimaji ukiwa wa bei kubwa. Upimaji ukifika 33,333, faida yake kwa wastani imekwisha. Kwa hiyo bei ya kupima iulizwe kabla gari halijafunguliwa.

Magari yaliyofuata hayana kebo ndefu. Sensa iliyo kwenye gia boksi hutoa mapigo ya umeme, na katika magari mengi ya Japani ni mapigo manne kwa mzunguko. Kwa mizunguko 637, hayo ni mapigo 2,548 kwa kilomita. Fundi umeme huanza na fyuzi, kisha hupima nyaya tatu za sensa: umeme, ethi na ishara. Gurudumu likizungushwa, volti kwenye waya wa ishara inapaswa kupanda na kushuka. Toyota za kabla ya mfumo wa OBD2 huonyesha ubovu huu kwa msimbo 42, unaosomwa kwa mimweko ya taa ya injini baada ya kuunganisha pini za TE1 na E1. Zenye OBD2 hutoa P0500. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Msimbo hausemi sensa imekufa. Unasema kompyuta haipati ishara ya mwendo, na waya uliokatika au kigia kilicholika huleta msimbo uleule. Anayesafiri kutoka Nachingwea kwenda Masasi kununua sensa kwa ushahidi wa msimbo peke yake anatembea takriban kilomita 90 kwenda na kurudi. Kwa lita moja kila kilomita 10, na bei ya kukisia ya 3,000 kwa lita, nauli ya kifaa hicho ni 27,000 kabla hakijalipiwa.

Kuacha mshale ukiwa umekufa nako kuna gharama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kupigwa tochi ni faini ya 30,000: mara mbili ya upimaji tuliouchukua. Kwenye vumbi na makorongo dereva huhisi mwendo kwa mtikisiko wa gari. Kwenye lami mtikisiko huo haupo. Gari lililo kwenye 70 badala ya 50 lina nishati mara 1.96, na breki ndizo zinazolazimika kuimaliza yote. Mtembea kwa miguu anayevuka hajui kwamba mshale umelala, na mimi naihesabu gharama hii kuwa kubwa kuliko nyingine zote, ingawa haina risiti.

Kihesabu kilichokufa huiondoa pia ratiba ya oili. Kwa kilomita 200 kwa siku, huduma ya kila kilomita 5,000 inafika baada ya siku 25 za kazi. Tajiri anayepokea hesabu ya kila jioni hana tena namba ya kuilinganisha nayo. Dashibodi iliyotumika hairudishi namba hiyo, inaleta ya gari lingine. Gari la kilomita 214,000 likivishwa dashibodi inayosoma 98,000, kilomita 116,000 zimefutika machoni pa mnunuzi, sawa na huduma 23 za oili. Siku ya kubadilisha, andikeni namba zote mbili na tarehe kwenye daftari la gari.

Linabaki gari ambalo mshale wake unafanya kazi lakini hausemi kweli. Tairi la 185/70R14 lina kipenyo cha milimita 614.6. Lile la 195/70R15, ambalo mtu huweza kulifunga ili gari liinuke kwenye njia mbovu, lina 654. Ongezeko ni asilimia 6.4: ukisoma 50 unakwenda 53.2, na ukisoma kilomita 5,000 umetembea 5,320. Ila viwanda huwa vinaongeza usomaji kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, na inaruhusu izidi kwa asilimia 10 pamoja na kilomita 4 kwa saa. Makosa mawili yanaweza kufutana, na gari la matairi makubwa likasoma karibu na ukweli kuliko lilivyotoka kiwandani.

Jaribio la kumalizia linahitaji kilomita 5 zilizopimwa kwa simu yenye GPS, au kati ya nguzo za barabarani, na saa. Shikilia mshale kwenye 50. Kama unasema kweli kabisa, muda ni sekunde 360. Kwa kilomita moja muda ungekuwa sekunde 72, na kukosea kubonyeza saa kwa sekunde moja kungekuwa kosa la asilimia 1.4, kwa kilomita 5 kosa hilo hushuka hadi 0.3. Muda wa kati ya sekunde 360 na 430 uko ndani ya kanuni ile. Ukimaliza kwa sekunde 338 hivi, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi kabla ya kumlipa mtu afungue dashibodi.