Cheche Ndogo, Moto Mkubwa

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mabingwa wa kazi ya chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yaani matanuri marefu ya udongo. Malungu hayakujengwa katikati ya nyumba za nyasi. Yalikuwa porini, na mabaki yake yanaonekana mpaka leo.

Siku hizi fundi huchomelea chuma karibu na milango yetu. Cheche huruka, na watoto hukusanyika kutazama. Wengi hudhani kwamba cheche ikizimika machoni, basi imepoa. Sivyo. Cheche ni tone la chuma kilichoyeyuka. Maji huchemka kwa joto la nyuzi 100. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,500 hivi. Tone hilo huweza kuruka mita 10 likiwa bado la moto.

Sponji hushika moto upesi. Imo katika magodoro na viti. Imo pia ndani ya kuta za friji, hata kama friji ni bovu. Mabovu hayo wavuvi huyatumia kutunzia samaki kwa barafu.

Tuseme mguu wa friji hilo umekatika. Mwenyewe anampelekea fundi auchomelee. Tone la chuma linapenya katika tundu la ukuta. Sponji inaungua taratibu, hakuna anayeiona. Friji linarudishwa nyumbani, linawekwa karibu na nyavu na petroli. Usiku watu wamelala, moto unaamka.

Jambo hili limekwisha kuua watu. Tarehe 11 Aprili, 1996, mafundi walikuwa wakichomelea barabara iliyopita juu ya jengo la uwanja wa ndege wa Düsseldorf, nchini Ujerumani. Chuma cha moto kilidondoka, kikawasha sponji iliyofichwa darini. Watu 17 walikufa. Wengi wao waliuawa na moshi. Moshi wa sponji una sumu. Pumzi chache tu humlegeza mtu akaanguka kabla moto haujamfikia.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchomelee nje, hatua 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba, magodoro, nyavu na petroli. Watoto wakae mbali.

2. Tusichomelee friji wala kasha lenye sponji. Mguu uliokatika tuufunge kwa waya.

3. Tuweke karibu ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Moto wa petroli huzimwa kwa mchanga. Penye umeme, tuzime umeme kwanza, ndipo tumwage maji.

4. Kazi ikiisha, mtu mmoja abaki akilinda mahali hapo kwa saa moja.

5. Nyumba ikijaa moshi, tambaa chini utoke. Usirudi kuchukua mali.

Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta, yai wala dawa ya meno. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na huchafua kidonda. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke kwenye zahanati au kituo cha afya. Aliyevuta moshi naye apelekwe, hata kama hana kidonda.

Wazee wetu waliuweka moto wa chuma mbali na mahali pa kulala. Nasi tufanye hivyo.