Madoa ya Meno na Uzee wa Nyota

Mtu asimamaye mjini Arusha usiku wa Januari, yapata saa tatu, akauelekeza uso kaskazini uliko Mlima Meru, ataiona juu sana, upande wa kilele, nyota nyekundu ikiifuata Kilimia. Nao Waarabu, kwa sababu ya kufuata huko, waliiita Addabarani, yaani mfuasi. Wekundu ule ni alama ya uzee. Nyota, katika ujana na utu uzima wake, hugeuza haidrojeni ya moyoni kuwa heliamu, kama lifanyavyo Jua letu hata leo. Na akiba ile ikiisha, moyo hujikunyata ukazidi joto, ilhali mwili wa nje huvimba na kupoa, mithili ya chuma cha mhunzi ambacho kikitoka motoni ni cheupe, kisha kikipoa huwa chekundu. Addabarani imevimba hata ikapita mara 40 ya upana wa Jua, na uso wake una joto la takriban digrii 3,600, ambapo Jua lina 5,500.

Lakini jambo lituhusulo sisi wa Meru hutukia baadaye, katika umri ambao Addabarani yenyewe haijaufikia. Nyota yenye uzito maradufu ya Jua au zaidi kidogo, moyo wake ukiisha kujaa kaboni na oksijeni, huunguza heliamu katika tabaka jembamba linalouzunguka moyo huo, na humo naitrojeni hugeuka florini, ambayo ikikawia katika joto lile huharibika. Ila michemko ya ndani huipandisha, na pepo za nyota huitawanya angani, mpaka kibaki kiini kidogo kiitwacho kibete cheupe. Mwaka 1992 wanafalaki walitangaza kwamba wameiona florini hiyo katika nuru ya nyota zilizozeeka.

Kutokana na gesi na vumbi la namna hiyo liliumbwa Jua pamoja na dunia, miaka bilioni 4.6 iliyopita, na florini imo katika majivu na mawe ya volkano ya Meru, ambamo maji huiyeyusha na kuishusha visimani kwa jina la floraidi. Nimemwona msichana akicheka huku ameziba kinywa kwa kiganja, kuyaficha meno yenye madoa ya hudhurungi, nami sikuona haki mtoto kuionea haya zawadi ya mbingu asiyoiomba. Madoa hayo huletwa na floraidi iliyozidi, jino likingali linajengeka ndani ya ufizi. Na floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, hukakamaza mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na huko Ngurdoto kuna kituo kilichotafiti namna ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Mzazi, mtoto wako wa chini ya miaka minane mpe maji yaliyochujwa hivyo. Kuyachemsha hakutoshi: mvuke huondoka, floraidi ikabaki sufuriani.