Ukipewa kucheza shoga, utaicheza ama utatoroka?

Hebu jiulize hili kabla hujaendelea kusoma. Wewe ni mwigizaji. Labda uko na kikundi cha vijana hapa Chewele, labda umebahatika kuitwa audisheni Nairobi. Unapewa skripti, unafungua, unakuta wewe ndiye mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake. Utafanyaje?

Wengi wetu jibu liko mdomoni tayari: "Hiyo siwezi, bana." Lakini ukibanwa useme kwa nini, mara nyingi dini na sheria huja baadaye. Kwanza unataja watu. Mabeshte watasemaje? Mzee akiskia je? Na huku kwetu, ambako habari zako hufika nyumbani kabla yako, hiyo hofu si mchezo.

Basi jua haikuanza na wewe. Muulize Will Smith.

Mwaka 1993, Smith alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, rapa aliyekuwa akitamba kwenye televisheni, akitafuta jina kwenye sinema. Akapata nafasi kubwa katika filamu ya Six Degrees of Separation: kijana tapeli, shoga, anayejidai mwana wa mwigizaji Sidney Poitier. Kukawa na tukio la kumbusu mwanamume. Smith akakataa. Denzel Washington alikuwa amemshauri asithubutu, kwa hivyo kamera ikabidi izungushwe, mtazamaji adhani wamebusiana.

Mwaka huohuo, Smith alikiri hadharani kwamba alifanya utoto. Alikuwa akiwaza marafiki zake wa Philadelphia watamwonaje, badala ya kuwaza kazi iliyomleta. Akasema somo amelipata: ama unaikubali kazi yote, ama unaiacha yote.

Sasa skia hii. Denzel naye, mwaka uleule wa 1993, alitoka katika filamu ya Philadelphia akiwa wakili anayewadharau mashoga, hata kumshika mkono mteja mwenye Ukimwi kunamtia hofu. Kidogo kidogo, kesi ikiendelea, anaanza kumwona yule mtu. Mteja ni Tom Hanks, ambaye alishinda Oscar kwa kazi hiyo.

Hapa kwetu je?

Usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa Rafiki, filamu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, iliyotokana na hadithi ya Mganda, Monica Arac de Nyeko. Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva ndio waliobeba nafasi hizo, na hata wakongwe kama Jimmi Gathu na Nini Wacera wakajitosa. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa Cannes.

Nyumbani ikapigwa marufuku Aprili 2018. Bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, uwe wa majuto zaidi. Kahiu akakataa. Septemba, Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku 7 tu, na kumbi za Nairobi zikafurika. Mwaka uliofuata, Mugatsia akatuzwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Na ile ilikuwa filamu yake ya kwanza!

Ona hata hilo jina. Kahiu alieleza kwamba wapenzi wa jinsia moja Kenya hulazimika kutambulishana kwa watu kama "rafiki yangu". Na huku Pwani, neno shoga mwanamke humwita mwanamke mwenzake anayempenda kirafiki. Neno moja, huku ni la mapenzi, kule ni la matusi.

Kutoroka kuna njia mbili

Njia ya kwanza ni kukataa nafasi. Hiyo ni haki yako. Ya pili ni mbaya zaidi: kuikubali halafu kuigeuza kichekesho. Unalegeza mkono, unabana sauti, umati unacheka, na wewe umewaonyesha wazi kwamba "mimi si huyu". Hapo hujaigiza mtu. Umejikinga tu.

Fikiria hivi. Ukicheza mwizi, hakuna anayeficha simu yake ukishuka jukwaani. Ukicheza muuaji unapigiwa makofi. Mbona basi mtu ambaye kosa lake ni kupenda ndiye anayetutia jasho?

Sisi wa Tana River tunajua bei ya kufundishwa kumwogopa mtu kabla hujakaa naye. Mapigano ya 2012 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100. Chanzo kilikuwa maji, malisho na siasa, lakini jirani alishageuzwa "wale" kabla ya panga kutolewa.

Hakuna anayekwambia uache imani yako. Unaweza kuishika na bado umchukue huyo mtu wa kwenye skripti, umuulize maswali ambayo mwigizaji yeyote huuliza: anaogopa nini? Anamficha nani? Akirudi nyumbani usiku, nani anamfungulia mlango?

Ukishayajibu hayo kwa ukweli, cheza ama usicheze, shauri yako. Angalau utakuwa umeamua wewe, si mabeshte.