Spika Iliyokwisha Tumika: Namna ya Kuikagua na Kuitunza

Miongoni mwa vifaa vinavyouzwa kwa wingi baada ya kutumika katika nyumba za watu wengine, spika zina udanganyifu wa namna ya pekee. Televisheni ikiharibika kioo, kasoro huonekana. Pasi isiyopata moto hujulikana mara inapochomekwa. Lakini spika inaweza kuwa na kasha linalong'aa na kitambaa kisicho na doa, ikaimba vizuri dukani kwa dakika tano, ilhali uhai uliobaki ndani yake ni wa majuma machache tu. Mnunuzi wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue mjini Nairobi, aliyeweka akiba kwa miezi kadhaa, huigundua kasoro akiwa amekwisha kufika nyumbani. Tena hasara huenda isiishie hapo, kwa sababu spika mbovu inaweza kuunguza amplifaya inayoiendesha.

Jambo hili limepata uzito zaidi kwa sababu ya umri wa vifaa vyenyewe. Mitambo ya sinema ya nyumbani, ambayo wauzaji huiita homu thieta, ilienea baada ya diski za DVD kuanza kuuzwa huko Japani mwaka 1996. Kwa kawaida mtambo wa namna hiyo huwa na spika tano za kuzunguka chumba na moja ya besi, yaani sabufa. Seti nyingi za kipindi kile cha mwanzo zimekwisha kupita miaka 20, na huo ndio umri ambao baadhi ya sehemu za spika hufikia ukomo wake. Makala haya yanaeleza sehemu hizo ni zipi, jinsi ya kuzikagua bila vyombo vya gharama, na matengenezo gani yanafaa kufanywa.

Spika inavyofanya kazi

Muundo wa spika nyingi za leo haujatofautiana sana na ule ulioelezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, nchini Marekani, mwaka 1925. Waya mwembamba wa shaba au alumini huzungushwa kuwa koili, na koili hiyo huning'inizwa katika upenyo mwembamba wa sumaku. Umeme unaobadilika unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Nayo imegundishwa kwenye koni ya karatasi au plastiki, ambayo huisukuma hewa na kuzaa sauti.

Koni hushikiliwa mahali pawili. Kwa nyuma, karibu na koili, kuna kitambaa kilichokunjwakunjwa. Kwa mbele, kati ya koni na fremu, kuna ukingo laini wa sponji, mpira au kitambaa. Kazi ya vishikizo hivi viwili ni kuiacha koni iende mbele na nyuma kwa uhuru, na papo hapo kuizuia isiende upande. Nafasi iliyopo baina ya koili na chuma cha sumaku ni ndogo, mara nyingi haifiki milimita moja. Koili ikisogea upande hata kidogo, itasugua chuma, na mwisho wake ni waya kuchunika na kuungua.

Adui mkubwa ni unyevu

Watu wengi hudhani kuwa spika huharibiwa na kupigwa kwa sauti kubwa peke yake. Kwa spika za zamani, adui mkubwa ni unyevu. Kingo nyingi za sponji zilitengenezwa kwa poliyurethani ya aina ambayo molekuli zake ndefu hukatwa na maji yaliyomo hewani. Sponji hulainika, hunata, kisha hugeuka unga. Joto huharakisha tendo hili. Kwa hiyo spika iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja huelekea kuchakaa mapema kuliko ile iliyokaa katika nchi kavu na baridi. Spika iliyofungiwa stoo miaka 15 bila kupigwa haikuepuka hatari hii, maana sponji huoza hata ikiwa imetulia. Muuzaji anayesema kwamba spika yake "haijatumika sana" huenda anasema kweli, na bado sponji ikawa imekwisha.

Ukingo wa mpira au wa kitambaa kilichopakwa dawa hudumu muda mrefu zaidi. Basi swali la kwanza la mnunuzi liwe juu ya ukingo: umetengenezwa kwa kitu gani?

Ukaguzi wa hatua tano

Hatua ya kwanza ni kutazama. Kitambaa cha mbele kiondolewe, na mnunuzi asikubali kuambiwa kwamba hakitoki. Ukingo uguswe kwa upole kwa ncha ya kidole. Ukinata, ukiacha rangi au ukimeguka, utahitaji kubadilishwa. Koni itazamwe kama ina machaniko, ukungu au alama za kutafunwa na mende na panya. Bonyeo kwenye kifuniko cha katikati cha spika ya besi mara nyingi si tatizo, lakini bonyeo kwenye kuba dogo la twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hubadilisha sauti yake. Pembe za kasha nazo zichunguzwe, kwa kuwa mbao zilizotengenezwa kwa chembechembe na gundi huvimba zikiingiwa na maji na hazirudi katika hali yake ya kwanza.

Hatua ya pili ni kusukuma. Vidole viwekwe pande mbili za koni ya besi kwa umbali ulio sawa kutoka katikati, kisha koni isukumwe ndani taratibu na kuachiwa. Iwapo unasikika mkwaruzo, koili inasugua au imeungua na kuvimba. Twita isisukumwe kamwe.

Hatua ya tatu ni kupima kwa mita ya fundi ikiwa upande wa omu. Spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma baina ya 5.5 na 7.5, ile ya omu 4 husoma baina ya 3 na 4. Mita husoma pungufu kwa sababu hupima ukinzani wa waya peke yake, ilhali namba iliyoandikwa inahusu umeme unaobadilika. Mita isiposoma chochote, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, waya umegusana, na spika hiyo isifungwe kwenye amplifaya yoyote. Lakini hapa ipo tahadhari. Twita hutanguliwa na kapasita inayozuia umeme wa mkondo mmoja, kwa hiyo kipimo kinachochukuliwa nyuma ya kasha hueleza hali ya spika ya besi tu. Kipimo kizuri hakithibitishi kuwa twita ni nzima.

Hatua ya nne ni betri ya tochi ya volti 1.5. Waya za betri ziguswe kwa kitambo kidogo kwenye vituo vya spika ya besi, chanya kwa chanya. Kwa kawaida koni huruka kwenda nje. Jambo la lazima ni kwamba spika zote mbili za jozi ziruke upande mmoja. Ikiwa moja inatoka na nyingine inaingia, nyaya za moja zimegeuzwa ndani, na hapo moja itakuwa ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Besi hupotea, na mwenye spika hulaumu spika nzima zisizo na kosa. Dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili.

Hatua ya tano ni kusikiliza, na ifanywe mwisho, tena kwa sauti ndogo kwanza. Mnunuzi aende na muziki anaoujua vyema, wenye sauti ya mtu anayeimba peke yake. Kitufe cha kugawa sauti kigeuzwe upande wa kushoto, kisha kulia, ili spika mbili zilinganishwe. Sikio likisogezwa karibu na twita lisikie matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Siku hizi hata simu ya mkononi inaweza kutoa mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka hezi 40 hadi hezi 200. Mlio huo hufichua mikwaruzo na skrubu zilizolegea ambazo muziki wenye vyombo vingi huzifunika.

Maandishi yasiyo na maana

Namba kubwa za wati zilizobandikwa kwenye kasha zisimvute mtu. Vipimo vinavyoandikwa PMPO, ambavyo hufikia maelfu, havina kanuni moja iliyokubaliwa ya kuvipima. Kipimo chenye maana ni wati ambazo spika inaweza kuhimili mfululizo. Hata hizo si kipimo cha ukubwa wa sauti. Katika spika ya kawaida ya nyumbani, kwa kila wati 100 za umeme takriban wati 1 tu hugeuka kuwa sauti. Zilizobaki hugeuka joto ndani ya koili. Ndiyo maana kufungulia amplifaya ndogo hadi mwisho ni hatari. Inapozidiwa, hukata vilele vya mawimbi ya umeme. Mawimbi yaliyokatwa huzaa mitetemo mingi ya juu, na mitetemo hiyo huelekea kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba kuliko zote.

Matengenezo na mipaka yake

Ukingo wa sponji uliooza hubadilishwa. Gundi ya zamani hukwanguliwa, pete mpya yenye vipimo vilevile hugundishwa, koili huwekwa katikati barabara, na kazi huachwa ikauke kwa saa 24. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haihitaji mitambo. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuziba sponji kwa kipande cha mpira wa tairi au kwa tabaka nene za gundi. Ukingo na koni ni kama springi na mzigo: ugumu wa springi ukiongezeka mara nne, mitetemo yake ya asili huongezeka mara mbili. Spika iliyokuwa ikishuka hadi hezi 30 itaishia kwenye hezi 60. Itatoa sauti, lakini besi nzito itakuwa imekwenda.

Kapasita za aina ya elektroliti zilizomo katika kasha hukauka zikikaa miaka 20 au 30, na sauti ya twita hufifia. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua za awali. Aidha iwe ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi. Koili iliyoungua inaweza kusukwa upya, ilimradi fundi aweke waya wa unene na idadi ya mizunguko ileile.

Sabufa yenye amplifaya ndani ni jambo jingine, kwa kuwa ina umeme wa nyumba. Lebo ya nyuma isomwe kabla ya kuchomeka. Iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani volti 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Isiyo na swichi ya kubadilisha volti huhitaji transfoma. Kapasita zake kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo kasha lifunguliwe na fundi tu, na fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Nunua, punguza bei, au acha

Kwa muhtasari, sponji iliyooza, kapasita kavu na nyaya zilizogeuzwa ni sababu za kudai bei ipunguzwe. Koili inayosugua, twita iliyokufa isiyopatikana tena sokoni, na kasha lililovimba ni sababu za kuondoka. Naye aliyekwisha kununua aiweke spika mbali na jua la dirishani, aiinue kutoka sakafuni, na akague ukingo wake walau mara moja kila mwaka. Ukingo uliopasuka ukibadilishwa mapema, gharama ni ya pete ya sponji. Ukiachwa huku spika ikiendelea kupigwa, koni hupoteza kishikizo chake cha mbele, koili huanza kusugua chuma, na kilichokuwa kazi ya gundi huwa kazi ya kusuka koili, ikiwa amplifaya nayo haijaungua.