Je, Wajua? Ofisi ya Umma na Wanaoikalia

Ofisi ya umma ina maswali manne yasiyozeeka: nani akae humo, alipwe nini, aamue wapi, na akikosea nani amwambie. Nchi za Afrika Mashariki zimeyajibu kwa njia zinazopingana, na baadhi zimeyafuta majibu yao na kuandika mengine. Safu ya leo imekusanya majibu hayo, kwa sababu kiongozi ajaye atayakuta maswali yaleyale mezani.

WALIOTANGULIA

Je, wajua kuwa Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, chuo kikuu chake kilikuwa hakijatimiza hata miezi miwili? Kilifunguliwa Oktoba mwaka huohuo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja: sheria. Nchi ilipata bendera kabla ya kupata maofisa.

Je, wajua kuwa Julius Nyerere aliuacha uwaziri mkuu wiki sita tu baada ya uhuru? Januari 1962 alijiuzulu akaenda kukijenga chama kwa wananchi, na kiti akamwachia Rashidi Kawawa. Ni Kawawa aliyesukuma kazi ya kuwaweka Waafrika kwenye nafasi zilizokuwa za maofisa wa kikoloni.

Je, wajua kuwa Chuo Kikuu Mzumbe kilianza kwa ajili ya machifu? Mwaka 1953 kilikuwa shule ya serikali za mitaa, ikiwanoa machifu na makarani wao. Miaka kumi baadaye sheria ikaufuta uchifu, lakini shule haikufutika. Iliwageukia watumishi wa serikali mpya, na tangu 2001 ni chuo kikuu kamili.

Je, wajua kuwa Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kuunda chombo cha kupokea malalamiko ya raia dhidi ya maofisa wa serikali? Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi mwaka 1966, ikifuata mfano wa Sweden ya 1809. Mwaka 2001 sheria mpya ilileta mrithi wake, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

MFUKO WA KIONGOZI

Je, wajua kuwa maandamano ya wanafunzi yaliwahi kupunguza mshahara wa Rais? Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere, sasa akiwa Rais, aliwarudisha mamia makwao, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi minne baadaye likaja Azimio la Arusha.

Je, wajua kuwa Tanzania na Kenya zilipishana njiani kuhusu kiongozi kufanya biashara? Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kenya ikaelekea upande wa pili: tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza mwaka 1971 kwamba mtumishi wa umma aruhusiwe kuwa na biashara, mradi isigongane na kazi yake. Kisha kila nchi ikageuka. Mwaka 1991 chama tawala cha Tanzania, kikiwa Zanzibar, kililegeza masharti ya Arusha. Mwaka 2010 Katiba mpya ya Kenya, ibara ya 77, ikamkataza afisa wa dola aliyeajiriwa muda wote kufanya kazi nyingine ya malipo. Kila mmoja alijaribu dawa ya jirani, na ugonjwa bado upo.

Je, wajua kuwa viongozi wa umma wa Tanzania wana tarehe yao ya kuogopa? Ni tarehe 31 Desemba. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka wawe wamewasilisha tamko la mali na madeni yao kufikia siku hiyo kila mwaka. Tamko linasema kiongozi ana nini. Alikipataje ni kazi ya uchunguzi.

Je, wajua kuwa halmashauri inaweza kupata hati safi na fedha zikawa zimeliwa? Hati safi maana yake vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na vinaonyesha hali halisi kwa kiasi cha kuridhisha. Haithibitishi kwamba kila shilingi ilitumika kwa busara. Ndiyo maana ukurasa wa kusoma kwanza ni ule wa hoja za ukaguzi, hasa zile zinazohamishwa mwaka hadi mwaka bila kujibiwa.

Je, wajua kuwa Rais wa Tanzania hawezi kuikalia taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG)? Ibara ya 143 ya Katiba inampa siku saba tangu Bunge lianze kikao ili taarifa iwe imefika mezani. Asipofanya hivyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Bungeni, maofisa masuuli huitwa mbele ya kamati kujieleza. Katiba imeweka siku za kuifikisha taarifa. Siku za kuyatekeleza yaliyomo zinategemea ukali wa wabunge.

MAJINA KWENYE ORODHA

Je, wajua kuwa mtu anaweza kuendelea kulipwa na serikali baada ya kuzikwa? Ndiye mtumishi hewa. Amefariki, amestaafu au ameacha kazi, lakini jina halikuondolewa kwenye orodha ya mishahara na akaunti ya benki bado iko wazi. Mara nyingi yupo mtu ofisini anayejua. Msako wa Tanzania wa mwaka 2016 uliondoa majina zaidi ya 10,000.

Je, wajua kuwa mwaka uliofuata msako ulihamia kwenye vyeti? Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, wakikatwa michango ya pensheni kila mwezi. Mwaka 2022 serikali iliamua warejeshewe michango yao. Swali gumu lilibaki kwa waajiri: cheti kinachokaguliwa siku ya kuajiri tu, tena kwa macho, kinamlinda nani?

Je, wajua kuwa Tanzania ilianza kupima kazi ya kila mtumishi kwa fomu mwaka 2004? Mfumo ule, maarufu kama OPRAS, ulimtaka mtumishi na bosi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapima mwishoni. Kwenye ofisi nyingi fomu zilijazwa haraka msimu wa kupanda vyeo ulipokaribia. Kuanzia 2023 nafasi yake ilichukuliwa na PEPMIS, ambamo kazi hujazwa kwenye kompyuta. Fomu imebadilika, bosi asiyetaka kumwambia mtu ukweli ni yuleyule.

Je, wajua kuwa wakuu wa wilaya nchini Rwanda husaini ahadi zao mbele ya Rais? Utaratibu huo, imihigo, ulianza kutumika hivyo mwaka 2006. Matokeo hupimwa, na wilaya zikapangwa kwa alama hadharani. Faida yake ni kwamba mwananchi anajua aliahidiwa nini. Hatari yake ni kwamba anayeogopa kushika mkia hushawishika kupamba takwimu, kwa hiyo mpimaji asiye chini ya anayepimwa ni wa lazima.

Je, wajua kuwa Matokeo Makubwa Sasa ilitoka Malaysia? Tanzania iliianza mwaka 2013 kwa sekta sita: nishati, kilimo, maji, elimu, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Wataalamu walikaa pamoja wiki kadhaa kuandaa mipango yenye tarehe na majina ya wahusika. Baada ya uongozi kubadilika mwaka 2015, jina hilo lilififia. Mpango unaobebwa na awamu moja huondoka na awamu hiyo.

NANI AAMUE WAPI

Je, wajua kuwa Tanzania iliwahi kufuta halmashauri zake? Mwaka 1972, kwa sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya ziliondolewa na za miji zikafuata. Kwa jina madaraka yalikwenda chini. Kwa vitendo yalikwenda kwa maofisa waliotumwa kutoka juu. Huduma za mijini zilizorota, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Za wilaya zilirudi kwa sheria ya 1982 na kuanza kazi 1984. Leo Tanzania Bara ina halmashauri 184.

Je, wajua kuwa Kenya iliiandika asilimia ndani ya Katiba? Kaunti zote 47 kwa pamoja hazipaswi kupata chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini kipimo ni hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, asilimia hiyo inakokotolewa kwa mapato ya miaka ya nyuma, yaliyokuwa madogo.

Je, wajua kuwa safari ya kuhamia Dodoma ilichukua nusu karne? Uamuzi ni wa 1973. Msukumo mpya ulikuja 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023.

KAUNTA NA KOMPYUTA

Je, wajua kuwa Kenya ilitunukiwa na Umoja wa Mataifa kwa kupunguza foleni? Vituo vya Huduma Centre, vilivyoanza Nairobi mwaka 2013, viliweka huduma za idara nyingi chini ya paa moja. Tuzo ilikuja mwaka 2015. Mwaka huohuo Rwanda ilianzisha Irembo, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, na 2017 Tanzania ikaanza GePG, mfumo wa malipo ya serikali uliomzoesha kila mlipaji kuulizia kontroli namba. Fedha zisizopita mikononi mwa karani ni ngumu zaidi kupotea. Ila raia anayeambiwa kila siku kwamba mtandao unasumbua hana dirisha la pili.

Je, wajua kuwa Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja ziliongeza karibu watu milioni 17 ndani ya miaka kumi? Sensa ya 2012 ilihesabu milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Hiyo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, kasi ambayo ikiendelea idadi itakuwa maradufu ndani ya miaka 22 hivi. Darasa, zahanati na mtumishi wa kuvihudumia vinapaswa kupangwa sasa.

ZAMU YA MWANANCHI

Je, wajua kuwa Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupata bunge lenye wanawake wengi kuliko wanaume? Ilikuwa mwaka 2008. Kenya nayo iliandika mwaka 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, lakini Bunge halikutunga sheria ya utekelezaji. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa.

Je, wajua kuwa Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipita bungeni ukakwama mitaani? Juni 25 vijana waliandamana, wengine wakaingia bungeni, na watu waliuawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alisema hatausaini. Katiba inadai ushirikishwaji wa umma katika kutunga sheria. Maoni yakipokelewa kama desturi tu, hurudi kwa njia ya gharama kubwa zaidi.

Je, wajua kuwa ni mwaka 2021 tu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote Tanzania? Kabla ya hapo Mtanzania aliweza kushinda kesi asiweze kuisoma hukumu yake.

Je, wajua, mwisho, kuwa mkuu wa kijiji kisheria si mwenyekiti? Ni mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unaopaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Vijiji vya Tanzania Bara ni zaidi ya 12,000. Wananchi wana haki ya kusomewa mapato na matumizi, kuuliza, na kutoridhika na jibu. Haihitaji tume wala kompyuta. Inahitaji watu wafike, na kama robo mwaka imepita bila mkutano, waende wakaudai.