Mgeni wa Msitu Hupewa Mtembezaji. Mgeni wa Chuo Je?

Mtu yeyote anayeteremka garini penye lango la Jozani, awe ametoka Mjini au ametoka Ulaya, haachiwi kuingia msituni peke yake. Hukaribishwa, huandikishwa, hulipa kiingilio chake, kisha hukabidhiwa mtembezaji. Mtembezaji huyo, aghalabu kijana wa vijiji vya hapo hapo, humweleza mgeni wake kabla hawajapiga hatua ya kwanza: njia yetu ni hii, mti ule ni mtondoo, kima punju usiwasogelee mno wala usiwape chakula, na ukitaka kuiona mikandaa tutavuka barabara tukapite juu ya daraja la mbao. Mgeni huyo atakaa saa moja au mbili, kisha atakwenda zake. Na kwa muda wa saa hizo mbili hapana anayemwacha apotee.

Sasa na tumtazame kijana wa Pete, wa Kitogani au wa Charawe, siku anapoingia chuo. Yeye haji kwa saa mbili. Anakuja kwa miaka miwili, mitatu au minne, na nyuma yake yuko mzazi aliyeuza mbuzi, au mama aliyeinama pwani akivuna mwani, ili ada ya kwanza ipatikane. Kijana huyu hupokewa na nani? Mara nyingi hupokewa na ubao wa matangazo.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo na wananchi wenzetu, na zaidi na wale waliokabidhiwa dhamana ya elimu. Tunaamini kwamba kumpa kijana nafasi ya masomo si sawa na kumfikisha kwenye masomo, na kwamba kati ya barua ya kukubaliwa na siku ya kuhitimu iko njia ambayo bado hatujaiwekea mwongozaji.

Hatusemi haya kwa kusahau tulikotoka. Tarehe 23 Septemba, 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo katika visiwa hivi, na mtoto wa mkulima akapata haki ya kukaa dawati moja na mtoto wa tajiri. Tangu hapo milango imeongezeka. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Iko Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, na viko vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Makunduchi, na vile vya Pemba. Zamani kilio kilikuwa hakuna mlango. Leo kijana anasimama mbele ya milango mingi, na hakuna anayemwambia upi ni wake.

Tuanze na kupangwa. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2010, maombi ya kuingia vyuo vikuu nchini yalipitia mtambo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kijana aliandika machaguo yake, na mtambo ukampangia. Wako waliopangiwa fani wasiyoipenda katika mji wasioujua, na malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaachwa, na waombaji wakarejeshewa uhuru wa kupeleka maombi wenyewe kwa chuo wakipendacho. Uhuru huo ni mzuri, nasi tunauunga mkono. Lakini uhuru wa kuchagua bila ya elimu ya kuchagua ni sawa na kumpa mtu ngalawa bila ya kumwonyesha nyota. Miongozo ya kujiunga hutolewa kila mwaka, nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi, yenye majedwali ya fani na masharti yake. Mtoto wa mwalimu wa Mjini husomewa miongozo hiyo nyumbani kwao. Mtoto wa mvuvi wa Unguja Ukuu huisoma kwenye simu ya kuazima, usiku, huku chaji inakwisha.

Matokeo yake ni kwamba kijana aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi huomba fani yoyote aliyoisikia kwa rafiki, na aliyezaliwa na mikono ya ufundi huona haya kwenda kwenye mafunzo ya amali kwa sababu ameambiwa huko ni kwa walioshindwa. Maneno hayo ni sumu, na inafaa tuyakatae hadharani. Fundi umeme, fundi mabomba na mpishi aliyesomea kazi yake hawakosi pa kuishika kazi katika kisiwa kilichojaa mahoteli.

Baada ya kupangwa kuna kuelekezwa. Tutasimulia kisa kimoja tulichokisikia kwa wenyewe, bila ya kumtaja kijana wala chuo, kwani kusudio letu si kumfedhehesha mtu. Kijana huyu anatoka katika moja ya vijiji vinavyouzunguka msitu. Alifaulu, akakubaliwa, na siku ya kuondoka mama yake alimsomea dua mpaka barabarani. Alipofika chuoni aliambiwa aende benki. Aliporudi kutoka benki alikuta ofisi imefungwa. Kesho yake akafuata kundi la wanafunzi wapya, akaingia nao darasani, akaandika kila alichosikia kwa muda wa wiki mbili. Lilikuwa darasa la fani nyingine yenye jina linalokaribiana na lake. Ulipokuja mtihani wa kwanza, jina lake halikuwamo katika orodha. Aliona haya kuuliza. Alifunga mkoba wake, akarudi kijijini, akamwambia baba yake kwamba masomo yameahirishwa.

Tulipopata habari zake, alikuwa akikata kuni pembezoni mwa msitu. Tunawaomba viongozi wetu walifikirie hilo kwa makini. Jozani iliwekwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na mwaka 2016 eneo hilo la Jozani na Ghuba ya Chwaka likaingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Tunawahimiza wananchi waache shoka. Lakini kila kijana anayeangukia njiani kati ya kijiji na chuo hurejea kwenye shoka hilo hilo, kwani hana kingine cha kushika.

Wako watakaosema: mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, naajitafutie njia. Hoja hii tunaisikia sana, na wanaoisema si watu wabaya. Wengi wao walijitafutia njia wenyewe wakafika. Lakini waliofika ndio tunaowaona. Wasiofika hawapo mezani wakatoa ushahidi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku ya kwanza, na shamba hatumwonyeshi.

Tena jambo hili si geni kwetu. Katika Unguja neno chuo lilikuwa la mwalimu wa Kurani kabla ya kuwa la mhadhiri, na sisi tuliopita huko kabla ya kuingia skuli tunakumbuka utaratibu wake. Mzazi hakumtupa mwanawe barazani. Alimshika mkono, akamkabidhi kwa mwalimu kwa maneno yaliyosikiwa na wote. Mwalimu alimsikiliza kwanza. Asiyejua herufi alianzishwa alifu. Aliyetoka chuo kingine alisomeshwa kidogo ili ijulikane amefika wapi, akaendelezwa kutoka hapo, na umri wake haukuulizwa. Kisha aliketishwa karibu na mwanafunzi mkubwa, ambaye alimsikiliza kila siku kabla hajafika mbele ya mwalimu. Asipoonekana siku mbili, wenziwe walitumwa kwao kuuliza kulikoni. Hatusemi kila kitu cha barazani pale kilikuwa chema. Bakora tunaikumbuka vilevile. Lakini kupangwa, kuelekezwa na kushauriwa, mambo ambayo leo huandikiwa warsha, yote matatu yalikuwapo juu ya jamvi moja.

Hata nchi zenye mali zimelazimika kurudi kwenye hekima hiyo. Huko Marekani viko vyuo vya jamii, vya miaka miwili, vinavyompokea takriban kila aliyemaliza skuli. Kile cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901, ndicho kinachohesabiwa kuwa cha mwanzo. Milango ya vyuo hivyo iko wazi, lakini wengi walioingia hawakuhitimu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kikaanzisha mpango maalumu: kila mwanafunzi akapewa mshauri anayemjua kwa jina na kuonana naye mara kwa mara, akasaidiwa vitabu, akapewa na kadi ya nauli. Wachunguzi wakawagawa wanafunzi wenye kipato kidogo kwa bahati nasibu katika makundi mawili, ili wapate kuwalinganisha. Baada ya miaka 3, katika kundi lililopewa msaada huo walihitimu 40 katika kila 100; katika kundi jengine walihitimu 22. Walimu, masomo na mitihani ilikuwa ya vyuo vile vile.

Wasomaji wetu waiangalie ile kadi ya nauli. Kwa anayekaa Mjini nauli ni jambo dogo. Kwa anayetoka Charawe au Ukongoroni, ambako gari ni za kungojewa, nauli ndiyo mwalimu wa kwanza kumfukuza darasani. Tena Chuo Kikuu chetu cha Taifa kina jina moja na kampasi nyingi: Tunguu, Vuga, Beit el Ras, Maruhubi, Mbweni, Chwaka na kwengineko. Kijana aliyeambiwa "umepata Chuo Kikuu" hana budi ajue mapema kama atashuka Tunguu, ambako gari zinazotoka kwao hupita, au atavuka mji mzima mpaka Beit el Ras.

Basi tunapendekeza nini? Hatuombi majengo mapya. Kwanza, matokeo ya Kidato cha Nne hutoka kila Januari, na ya Kidato cha Sita kila Julai. Katika wiki zinazofuata, kila sheha na walimu wa skuli yake wawakusanye vijana na wazazi wao, na wawaalike wanafunzi wa kijiji waliokwisha kuingia vyuoni na katika vituo vya amali. Miongozo isomwe kwa Kiswahili, swali kwa swali, na kijana aulizwe anachokiweza na anachokipenda kabla hajaandika ombi lake.

Pili, kila kijiji kiwe na mwenyeji wake katika kila chuo: mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu atakayempokea mdogo wake, amwonyeshe ofisi, benki, maktaba, dakhalia na chumba cha darasa lake, na amweleze taratibu za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar kabla muda haujapita.

Tatu, vyuo vimpe kila mwanafunzi mpya mshauri mmoja mwenye jina na saa za kuonekana, na mshauri huyo awe na wajibu wa kumwuliza yule asiyeonekana darasani, badala ya kungoja aulizwe. Wiki ya kuwapokea wageni isiwe ya hotuba tupu. Kiingereza cha darasani na matumizi ya kompyuta vipimwe siku za mwanzo, ili anayehitaji msaada aupate bila ya kuaibishwa.

Nne, vijiji vinavyopata fungu katika mapato ya hifadhi ya Jozani vimeshajenga kwa fedha hizo mambo yanayoonekana kwa macho. Wazee wa vijiji hivyo na wafikirie kama sehemu ndogo ya fungu hilo haifai kuwa nauli ya muhula wa kwanza kwa vijana wao.

Januari ijayo matokeo yatabandikwa tena, na vigelegele vitasikika Pete na Kitogani. Siku hiyo tungependa kumwona sheha, mwalimu na mwanafunzi mkubwa wa kijiji wameshika karatasi moja, wameketi na kijana aliyefaulu, wanamwambia: njia yetu ni hii, nasi tutakwenda nawe mpaka ndani.