Mwale mmoja, mistari ishirini: ndani ya skana ya barkodi kuna nini?

Shangazi yangu ana duka la vipodozi na vitu vidogo vya nyumbani huko Tabata, Dar es Salaam. Mwaka jana alinunua skana ya mezani iliyokwisha kutumika, ile inayokaa kaunta na kumwaga mistari myekundu inayokatizana kama wavu. Miezi ya mwanzo ilienda vizuri. Halafu ikaanza kuchagua bidhaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiyo unasoma mambo ya mwanga huko chuoni? Hebu njoo uangalie hii mashine. Sabuni inasoma. Rangi ya mdomo haisomi hata uibembeleze."

Fundi aliyeitwa kabla yangu alisema leza imechoka, kwa hiyo anunue mashine mpya. Pesa ya mashine mpya haikuwepo. Kwa wiki tatu binti anayekaa kaunta alikuwa anaandika tarakimu 13 kwa mkono kwa kila kitu kidogo, foleni ikifika mlangoni, na wateja wengine wakiacha vitu na kuondoka.

Nilivyosikia "sabuni inasoma, rangi ya mdomo haisomi" nikahisi kwamba tatizo si leza. Leza iliyochoka haijui tofauti ya sabuni na rangi ya mdomo. Lakini ili nieleze kwa nini nilihisi hivyo, inabidi tuifungue skana tuone mwanga unapita wapi. Ninayo moja mbovu niliyoomba kwenye stoo ya maabara yetu, na hiyo ndiyo niliyoifungua mezani kwangu.

Tuanze na kitu kilichonishangaza mimi mwenyewe. Watu wengi wakiona ile mistari ishirini wanadhani ndani kuna leza ishirini, au kuna kitu kinachoupasua mwale vipande ishirini. Leza ni moja tu, ndogo kuliko punje ya mahindi, inayotoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi. Na wakati wowote ule, kwenye bidhaa yako kuna nukta moja tu ya mwanga. Mistari ni uongo wa macho.

Inavyofanyika ni hivi. Mwale unapigwa kwenye kizingo kidogo chenye vioo pembeni, kinachozungushwa na mota. Kwenye skana yangu mbovu kizingo kina pande 4. Kila upande ukipita, unaufagia mwale kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayemwagilia bustani kwa mpira huku akizungusha mkono. Ila pande hizo hazijasimama wima sawasawa: kila mmoja umeinama kidogo tofauti na mwenzake, kwa hiyo kila mmoja unachora mstari wake juu kidogo au chini kidogo. Hapo tuna mistari 4 sambamba. Kisha mwale uliofagiwa unakutana na vioo 5 vilivyopangwa kama nusu duara, visivyosogea, kila kimoja kikiutupa kuelekea dirishani kwa pembe yake. Nne mara tano, ishirini. Mwale umegawanywa kwa zamu, siyo kwa kukatwa.

Tuseme mota inazunguka mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni mistari 1,200 kila sekunde. Kama kila mstari una sentimita 10, nukta inakimbia si chini ya mita 120 kwa sekunde, na inavuka pau nyembamba ya kawaida ya milimita 0.33 kwa muda usiofika mikrosekunde 3. Jicho haliwezi kufuata, linaona wavu.

Faida yake ni kwamba mteja au muuzaji hahitaji kulenga. Barkodi ikiwa imelala, imesimama au imepinda, lazima mmoja kati ya mistari ishirini utaikata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa twende kwenye sehemu ninayoipenda zaidi: mwanga unarudije? Karatasi nyeupe haiakisi kama kioo cha kujitazamia. (Kiswahili hapa kinatuchanganya kidogo, maana kioo cha dirishani na kioo cha kujitazamia vyote ni kioo, nitajitahidi kusema ni kipi.) Karatasi inautawanya mwanga pande zote. Pau nyeusi inaumeza. Kwa hiyo nukta ikipita juu ya barkodi, mwanga unaorudi unapanda na kushuka, na mpando huo ndio ujumbe wote.

Tatizo ni kwamba kinachorudi ni kidogo mno. Piga hesabu nami. Chukua leza ya miliwati 1, bidhaa iwe sentimita 20 kutoka kwenye kioo cha kukusanyia mwanga chenye eneo la sentimita 10 za mraba. Kati ya mwanga wote unaotawanywa na karatasi, kioo hicho kinadaka kama asilimia 0.8 tu. Karatasi yenyewe nayo inameza kidogo. Unabaki na kama mikrowati 6. Ndizo hizo za kufanyia kazi.

Hapo ndipo suala la kugawanya mwanga linapokuwa la maisha na kifo. Mwale unatoka kwa njia fulani, na mwanga unaorudi unapita njia ileile kinyumenyume: kioo kilichotulia, kisha kizingo. Hii imefanywa makusudi. Safari ya kwenda na kurudi ya sentimita 40 inachukua kama nanosekunde 1.3, na katika muda huo kizingo hakijasogea kitu cha kusemwa. Kwa hiyo mwanga unaorudi "unafagiliwa kinyume" na kutua palepale siku zote, na sensa inakaa sehemu moja ikiangalia eneo dogo lililozunguka nukta, badala ya kuangalia duka zima na taa zake. Ni ujanja mzuri sana. Lakini kama njia ni moja, sensa tuiweke wapi bila kuiziba leza?

Jibu la kwanza linalomjia mwanafunzi wa fizikia ni kioo nusu. Umeshakiona bila kukijua: ukipanda daladala usiku, dirisha linakuonyesha taa za nje na sura yako mwenyewe kwa pamoja, kwa sababu sehemu ya mwanga inapita na sehemu inaakisiwa. Kioo nusu cha maabara kimepakwa utando mwembamba ili kigawe nusu kwa nusu. Ukikiweka kwa nyuzi 45, leza inapita moja kwa moja, mwanga unaorudi unapigwa pembeni kwenye sensa. Safi kabisa kwenye karatasi.

Mimi nilikichora hivyohivyo kwenye zoezi langu la mwaka wa kwanza wa uzamili. Msimamizi wangu akakiangalia, akauliza, "Na hizi nusu mbili umezizidisha?" Sikuwa nimezizidisha. Wakati wa kwenda unapoteza nusu, wakati wa kurudi unapoteza nusu ya kilichobaki. Unabaki na robo. Zile mikrowati 6 zimekuwa 1.5, na bado hujaanza kusoma chochote.

Watengenezaji wa skana wakafanya kitu cha kawaida kabisa, ambacho naona ni cha akili kuliko kioo nusu: wakatoboa tundu. Kioo kikubwa cha kukusanyia kina tundu dogo katikati, au lenzi ya kukusanyia ina kikioo kidogo kilichobandikwa katikati yake. Mwale wa leza ni mwembamba, kwa hiyo unapita tunduni wote. Mwanga unaorudi umetawanyika, umejaza kioo kizima, na unaoangukia tunduni ndio tu unaopotea. Tundu la milimita 2 kwenye kioo cha sentimita 10 za mraba linakula kama asilimia 0.3. Asilimia 75 dhidi ya asilimia 0.3, kwa gharama ya kutoboa tundu! Kioo nusu kina mahali pake, mfano kwenye vichwa vya kusomea CD ambako diski inaakisi vizuri na mwanga unaorudi ni mwingi. Kwenye karatasi, hapana.

Kioo chenye tundu huwa pia kimebinuka kama bakuli, ili mwanga wote ukutane kwenye sensa ndogo. Mbele ya sensa kuna kichujio chekundu kinachozuia rangi nyingine. Ndiyo maana, kwa njia, barkodi iliyochapwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe haisomeki kwa leza nyekundu: skana inaona karatasi tupu.

Turudi kwa shangazi, maana kilichomsumbua ni upande wa kwenda. Barkodi ya kawaida ya tarakimu 13 imegawanyika katika sehemu 95, na kwa ukubwa wa kawaida kila sehemu ina upana wa milimita 0.33. Inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani milimita 0.264, na wenye vifungashio vidogo hufanya hivyo. Nukta ya leza ikiwa pana kuliko pau, inakanyaga nyeusi na nyeupe kwa pamoja, na sensa inaona kijivu.

Basi si tuibane nukta iwe ndogo kabisa? Ungependa, lakini mwanga haukubali. Mwale uliobanwa na lenzi unakuwa mwembamba mahali pamoja, kisha unatanuka mbele na nyuma, na kadiri unavyoubana ndivyo unavyotanuka haraka. Kanuni yake ni fupi: chukua nusu ya upana wa nukta, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa urefu wa wimbi. Unapata umbali ambao mwale unasafiri kabla upana wake haujafika mara 1.4. Kwa nukta ya milimita 0.2, umbali huo ni sentimita 4.8 kila upande, jumla karibu sentimita 10 za kufanyia kazi. Ukiibana iwe milimita 0.1, unabaki na sentimita 1.2 kila upande. Umepunguza upana kwa nusu, nafasi imepungua hadi robo. Muuzaji angelazimika kushika kila bidhaa umbali uleule, kama fundi saa.

Kwa hiyo skana ya kaunta inachagua nukta ambayo inatosha tu, isiyo ndogo sana. Haina akiba kubwa. Kitu chochote kinachoivuruga kidogo kinaanza kuua barkodi ndogo kwanza, na kubwa zinaendelea kusomeka.

Hata wazee wa fani hii walihangaika na kubana mwanga. Joseph Woodland, aliyechora wazo la kwanza mchangani ufukweni Miami Beach, na mwenzake Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952, miaka minane kabla ya leza ya kwanza kuwepo. Jaribio lao lilitumia balbu ya wati 500. Balbu inamwaga mwanga kila upande na haikubali kukusanywa kwenye nukta ndogo yenye nguvu, kwa hiyo ilitoa joto jingi na ujumbe haba. Bidhaa ya kwanza kusomwa dukani ilibidi isubiri hadi Juni 26, 1974, huko Troy, Ohio, nchini Marekani: paketi ya ubani.

Nilipofika Tabata niliomba kwanza mashine ichomolewe kwenye umeme. Hili naomba tusilichukulie kirahisi. Nyingi ya skana hizi leza yake haizidi miliwati 1, na ikiwa inakimbia, jicho linaguswa kwa muda mfupi sana. Mota ikisimama, saketi ndani inazima leza ili nukta isitulie sehemu moja. Ukimwona fundi anaunganisha waya ili leza iwake mota ikiwa imesimama, halafu anachungulia, mwambie aache.

Nikaangalia dirisha la mbele. Lilikuwa na ufa, na juu ya ufa mtu alibandika selotepu. Pana, yenye mikwaruzo, yenye vumbi lililoganda kwenye gundi pembeni. Shangazi akasema, "Hiyo niliweka mimi, ili kioo kisidondoke." Selotepu haina uso tambarare kama kioo, inaupinda mwale huku na kule, na nukta inatanuka kabla haijafika kwenye bidhaa. Tena inarudisha sehemu ya mwanga moja kwa moja ndani, ikielekea kwenye sensa inayosubiri mikrowati 6.

Fundi vioo wa mtaani akatukatia kipande cha kioo cheupe, tambarare, cha saizi ileile. Wakati dirisha limetoka nikaona kimoja kati ya vile vioo vitano kina ukungu wa mikwaruzo. Nilijua ni nini, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwenye skana yangu mbovu. Kioo cha kujitazamia cha nyumbani kimepakwa utando nyuma, kioo kinaulinda. Vya skana vimepakwa mbele, kwa sababu vya nyumbani vinaakisi mara mbili, usoni na nyuma, na nukta ingekuwa na kivuli chake. Utando ulio mbele ukiufuta kwa shati, kama nilivyofanya mimi, unaondoka nao. Vumbi hapo unalipuliza tu.

Tulifunga, tukawasha. Rangi ya mdomo ya kwanza ikalia *bip*. Ya pili pia. Ya tatu ikagoma, binti wa kaunta akaigeuza kidogo mkononi, ikasoma. Mistari minne inayopitia kioo kile kilichokwaruzwa ni dhaifu, iliyobaki kumi na sita inatosha. Nimembandikia karatasi pembeni ya mashine: ikigoma, geuza, usiandike. Selotepu amehamishia kwenye droo ya pesa.